Seti ya Msimbo Pau kwa Maduka ya Mombasa: Skana Inafaa, Lebo za Milimita 40 Zinaponza

Seti ambayo maduka mengi ya vifaa vya kompyuta hapa Mombasa huwauzia wenye maduka huwa na vitu vinne: skana ya mkono yenye mwanga mwekundu, printa ndogo ya lebo, roli moja au mbili za lebo za milimita 40 kwa 30, na programu ya kupangia bidhaa na bei. Wanaoinunua ni wa aina mbili. Kuna mwenye duka la rejareja, Makupa au Bamburi, aliyechoka kuandika bei kwa kalamu juu ya kila pakiti. Na kuna mtengenezaji: mwenye achari yake Mji wa Kale, mwenye mabuyu Majengo, mwenye asali, anayetaka chupa zake zipokelewe kwenye rafu za supamaketi. Wote wawili huuziwa seti ileile kwa maneno yaleyale, ilhali mahitaji yao ni mbali mbali kabisa.

Tuiweke hukumu mbele. Skana ni chombo kizuri na kwa duka la kawaida inatosha. Programu haina makuu lakini inafanya kazi. Printa yenyewe si mbaya. Kasoro iko kwenye lebo inazouzwa nazo, ambazo ni finyu mno kwa msimbo wa tarakimu 13. Na kile kinachohitajika kuliko vyote vinne, yaani nambari halali, hakimo ndani ya boksi, ijapokuwa wauzaji wengine huongeza karatasi yenye orodha ya nambari na kusema ni zawadi. Karatasi hiyo mrudishie palepale kaunta.

Nambari kwanza, milia baadaye

Ile milia myeusi na myeupe haina bei ndani yake. Haina jina la bidhaa wala tarehe ya kuharibika. Ni njia ya kuandika nambari ili mwanga uweze kuisoma, basi. Skana ikisoma tarakimu 13 huzipeleka kwenye kompyuta na kazi yake huishia hapo. Kompyuta ya duka ndiyo inayotafuta nambari hiyo katika orodha yake na kujibu: achari ya ndimu, gramu 250, bei yake hii. Kwa hiyo chupa moja inaweza kuwa na bei mbili, moja Nyali na nyingine Likoni, na msimbo wake ukabaki uleule.

Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ni ofisi gani ya GS1, shirika la kimataifa linalogawa nambari hizi, iliyotoa nambari. Kenya ni 616, Tanzania 620, Afrika Kusini 600 na 601, Falme za Kiarabu 629, India 890, na China imepewa 690 hadi 699. Wateja wengi husoma tarakimu hizi kama cheti cha mahali bidhaa ilikotengenezwa, na hapo wanakosea. Mchele uliolimwa Pakistan, ukashushwa bandarini Kilindini na kufungwa kwenye mifuko ya kampuni iliyojisajili Kenya, utakuwa na 616. Wala msimbo si ushahidi wa ubora. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni kitu kingine, chenye utaratibu wake na nambari yake ya kibali.

Baada ya 616 hufuata tarakimu za kampuni, kisha za bidhaa, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Urefu wa sehemu ya kampuni ndio unaoamua una nafasi ngapi. Kampuni ikipewa kiambishi cha tarakimu 9, pamoja na 616 yenyewe, hubaki tarakimu tatu za bidhaa, yaani bidhaa 1,000. Ikipewa cha tarakimu 10, hubaki nafasi 100. Kabla ya kujaza fomu ya GS1 Kenya, ambayo uanachama wake hulipiwa kila mwaka, kaa na kalamu uhesabu, kwa sababu hesabu hii huwatoka watu wengi kichwani. Achari ya ndimu, ya embe na ya pilipili, kila moja kwa chupa ya gramu 250 na ya gramu 500, ni nambari sita. Ukifunga chupa tatu pamoja kama zawadi ya Idi, hiyo ni ya saba. Katoni ya chupa 12 nayo inataka nambari yake.

Ukipunguza ujazo kutoka gramu 250 hadi 230, nambari lazima ibadilike, hata kama chupa ni ileile na jina ni lilelile. Ukibadilisha jina la chapa ya bidhaa, vivyo hivyo. Ukibadilisha rangi ya karatasi au pambo la pembeni, nambari inabaki. Na nambari ya bidhaa uliyoacha kuitengeneza usiipe bidhaa mpya: kanuni za GS1 zimekataza jambo hilo tangu 2019, maana orodha za maduka na za mitandaoni hazisahau upesi.

Ile karatasi ya zawadi sasa. Mara nyingi nambari zake zimetolewa na programu iliyobuni tarakimu baada ya 616 na kukokotoa ile ya mwisho vizuri, basi skana huzipokea bila kulalamika. Dukani mwako hutaona kosa lolote. Kosa hutokea siku chupa yako inapofika supamaketi na kompyuta yao ikasema hiyo ni biskuti ya mtu mwingine. Skana haijui mwenye nambari. Inajua hesabu tu. GS1 ina huduma ya mtandaoni ya kutafuta nambari na kuona imesajiliwa kwa nani, na mnunuzi wa supamaketi anayejua kazi yake ataitumia kabla hajaweka sahihi.

Mwenye duka asiye mtengenezaji hahitaji kulipia nambari. Bidhaa zenye msimbo wa kiwandani azisome kama zilivyo, na zile zisizo na msimbo, kama maharagwe aliyofunga mwenyewe kwa kilo, azipe nambari inayoanza na 2. Nambari zinazoanzia 200 hadi 299 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Si mali ya yeyote, na sharti lake ni moja: zisitoke nje ya duka lako.

Tarakimu ya ukaguzi

Hesabu hii inafaa kujulikana, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kama nambari iliyoandikwa kwa mkono imekosewa. Chukua nambari ya ndani 200456100725. Tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 ni 2, 0, 5, 1, 0 na 2, jumla 10. Za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 ni 0, 4, 6, 0, 7 na 5. Jumla 22, zidisha kwa 3 upate 66. Ongeza 10, inakuwa 76. Kinachohitajika ili kufika kumi inayofuata, yaani 80, ni 4. Nambari kamili ni 2004561007254.

Tarakimu moja ikikosewa, hesabu hukataa kila mara. Mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, hukataa mara nyingi, ila zikitofautiana kwa 5 hupita. Tazama 7 na 2 katika mfano huu: ukiandika 2004561002754, jumla ya kwanza ni 15, ya pili 17 mara 3 ni 51, zote 66, na tarakimu ya ukaguzi inatoka 4 vilevile. Kwa hiyo keshia anayelazimika kuandika nambari kwa vidole, kwa kuwa lebo haisomeki, anaweza kuuza kitu kingine bila kompyuta kumzuia. Hii ni sababu kubwa ya kutovumilia lebo mbovu.

Kwenye katoni hutumika aina nyingine ya msimbo, wa tarakimu 14, wenye milia minene na fremu nyeusi inayouzunguka. Huundwa kwa kuweka tarakimu, tuseme 1, mbele ya nambari ya chupa, na watu husahau kwamba tarakimu ya ukaguzi hukokotolewa upya. Ile 1 ya mbele huongeza 3 kwenye jumla: 76 huwa 79, na 4 ya mwisho hugeuka 1.

Skana

Iliyomo ndani ya seti ni ya leza, ya waya wa USB. Kompyuta huiona kama kibodi, basi haihitaji kusakinishwa chochote. Njia ya kuijaribu ni kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia, kuelekeza mwanga kwenye chupa ya soda na kubonyeza. Tarakimu 13 zitatokea na kishale kitashuka mstari mmoja. Kisiposhuka, skana haijapangwa ibonyeze kitufe cha kuingiza (Enter) baada ya kusoma. Kijitabu kinachokuja nayo kina misimbo ya mipangilio, na kusoma mmoja wa hiyo kunatosha kuirekebisha. Zikitokea 12 badala ya 13, kuna sababu mbili. Ama bidhaa ni ya Marekani au Kanada, ambako msimbo wa kawaida una tarakimu 12, ama skana imepangwa iache tarakimu ya ukaguzi. Ya pili irekebishwe kabla ya kusajili bidhaa hata moja. Kwa ya kwanza, amua tangu mwanzo kama nambari za Marekani zitawekewa 0 mbele au la, kisha usibadilishe, kwa sababu bidhaa moja ikiingizwa mara mbili, kwa tarakimu 12 na kwa 13, hesabu ya stoki haitalingana tena.

Tukiwa kwenye kusajili: ukiandaa orodha kwenye jedwali la kompyuta, pangilia safu ya nambari iwe ya maandishi kabla ya kusoma chochote. La sivyo, jedwali litaonyesha 6.16E+12 na kukata sifuri za mwanzo, nawe utahamishia kwenye programu orodha iliyoharibika. Kurekebisha ni kusoma upya bidhaa zote, moja baada ya nyingine.

Skana ishikwe umbali wa kama sentimita 10 hadi 20, ikiinamishwa kidogo. Mwanga ukigonga karatasi ya kung'aa moja kwa moja hurudi wote na skana hupofuka. Mstari mwekundu lazima ukate milia yote na kuvuka hadi kwenye weupe wa pande zote mbili. Kioo cha mbele kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kila wiki, na maduka yaliyo karibu na bahari yafanye hivyo mara nyingi zaidi, kwani utando wa chumvi hujenga polepole na watu huanza kufikiri skana imezeeka. Kinachokufa kwanza kwa kawaida ni waya, pale unapoingia kwenye mpini. Usiuzungushe skana ukimaliza kazi.

Upungufu wake mmoja wa kweli: leza husoma milia tu, na haiwezi kusoma msimbo ulio kwenye kioo cha simu wala ile miraba ya QR. GS1 imelenga mwisho wa 2027 kaunta za maduka ziwe zinaweza kusoma misimbo ya miraba, yenye nafasi ya kubeba nambari ya bidhaa pamoja na ya toleo na tarehe ya kuharibika. Anayenunua leo aombe abadilishiwe leza kwa skana ya kamera. Hiyo husoma yote mawili, na huvumilia milia iliyokwaruzika kuliko leza.

Printa na zile lebo

Hapa ndipo seti inapokwama, na chanzo chake ni hesabu ya nukta.

Msimbo wa tarakimu 13 umegawanywa katika vipande 95 vya upana sawa: 3 vya mlinzi wa kushoto, yaani milia ya kuonyesha msimbo unapoanzia, 42 vya tarakimu sita za kwanza, 5 vya katikati, 42 vya tarakimu sita za pili, na 3 vya mlinzi wa kulia. Ukihesabu utaona tarakimu zilizochorwa ni 12. Ya kwanza kabisa, ile 6 ya 616, haina milia yake. Imefichwa katika mpangilio wa zile sita za kushoto, na ndiyo maana huchapwa nje, upande wa kushoto wa milia. Kila mlia una upana wa kipande kimoja hadi vinne. Kisha kuna ukingo mweupe usioandikwa kitu, vipande 11 kushoto na 7 kulia. Jumla ni vipande 113.

Ukubwa wa kawaida wa kipande ni milimita 0.33, na msimbo mzima kwa ukubwa huo una upana wa milimita 37.29. Unaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani kipande cha milimita 0.264, na kukuzwa hadi asilimia 200. Chini ya 0.264 ni nje ya kiwango.

Printa ya seti hii ni ya nukta 203 kwa inchi, takriban nukta 8 kwa milimita. Nukta moja ni milimita 0.125, na printa haiwezi kuchapa nusu ya nukta. Kipande cha nukta mbili kina milimita 0.25: ni kidogo mno, kiko chini ya kiwango. Kipande cha nukta tatu kina 0.375, nacho ni halali, lakini zidisha kwa 113 upate milimita 42.4. Lebo ina 40. Haitoshi, na hakuna mpangilio wa programu utakaoifanya itoshe.

Mtumiaji asiyejua haya hufanya anachofanya kila mtu: hushika pembe ya mchoro kwa panya na kuuminya hadi uingie. Programu sasa inataka kila kipande kiwe cha nukta mbili na nusu, printa haiwezi, basi baadhi ya vipande hupata nukta mbili na vingine tatu. Kwa macho msimbo unaonekana safi. Skana, ambayo husoma kwa kulinganisha upana wa mlia mmoja na jirani yake, hukuta mlia wa kipande kimoja umenenepa na wa viwili umekonda. Lebo moja husomeka, inayofuata haisomeki, ya tatu husomeka baada ya kujaribu mara nne. Ubaya wa aina hii huchosha kuliko lebo isiyosomeka kabisa, kwa sababu lawama huenda kwa skana na watu hununua skana mpya.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza na bora kwa mtengenezaji ni kubadilisha roli: lebo za milimita 60 kwa 40, kipande kikapangwa nukta 3 kamili. Mchoro usiguswe tena kwa panya. Ukubwa uwekwe kwa nambari. Za 50 kwa 30 zinatosha kwa upana, lakini kwa ukubwa huo milia inataka kimo cha kama milimita 26 na tarakimu chini yake, basi jina la bidhaa halina pa kukaa. Usitatue hilo kwa kukata kimo cha milia hadi sentimita moja. Skana ya mkono itaisoma, ila ile iliyolazwa kwenye kaunta ya supamaketi, ambayo mwanga wake hupita kila upande, hutegemea kimo ili ikamate msimbo bila keshia kuzungusha chupa.

Ya pili ni printa ya nukta 300 kwa inchi. Nukta nne zake hufanya kipande cha milimita 0.339, msimbo mzima 38.3, na unaingia kwenye lebo ya 40 kwa tabu, ukibakiza chini ya milimita mbili. Roli ikiyumba kidogo ndani ya printa, ukingo mweupe unakatwa.

Ya tatu ni ya mwenye duka aliyekwisha kununua roli za 40 na hataki kuzitupa: kwa nambari za ndani atumie msimbo mfupi wa tarakimu 8, unaoanza na 2. Pamoja na ukingo wake una vipande 81, na kwa nukta tatu ni milimita 30.4. Unaingia vizuri na nafasi inabaki. Tarakimu sita kati ya ile 2 na ya ukaguzi zinatosha bidhaa milioni moja.

Ufupi wa nafasi si shida mpya. Bidhaa ya kwanza kusomwa na skana dukani kwa mfumo huu, tarehe 26 Juni 1974 katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, ilikuwa pakiti ya chingamu za Juicy Fruit. Kitu kidogo kama hicho kilithibitisha kwamba msimbo unaweza kukaa hata kwenye kifungashio kidogo. Ila mitambo ya viwanda vya vifungashio haifungwi na nukta nane kwa milimita.

Joto la kichwa cha kuchapia nalo lina kiasi chake. Likizidi, milia huvimba na nafasi nyeupe huziba. Likipungua, weusi huwa kijivu. Anzia katikati, punguza kasi hadi kama inchi mbili kwa sekunde, uchape tatu na kuzilinganisha. Kichwa kifutwe kwa pamba yenye spiriti kila roli ikiisha, printa ikiwa imezimwa na imepoa. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaofuata mwendo wa karatasi kwenye kila lebo, baada ya kufuta haupotei, nukta moja ya kichwa imekufa. Milia ikichapwa sambamba na mwendo wa karatasi, mstari huo unaweza kuupasua mlia mmoja na kuharibu nambari. Geuza mchoro nyuzi 90: sasa mstari unakata milia yote sawasawa na haudhuru kitu, nawe umepata muda wa kutafuta kichwa kipya.

Joto la nje, mafuta na chupa

Karatasi ya lebo hizi huwa nyeusi kwa joto, haina wino. Basi joto lolote litaiandika. Katoni ikikaa nyuma ya kioo cha gari saa sita mchana njia ya Malindi, lebo zinaweza kuwa za kijivu kabla ya kufika. Jua la siku nyingi hufifisha maandishi. Mafuta ni mabaya zaidi: chupa ya achari iliyofungwa kwa mikono yenye mafuta hupoteza weusi pale vidole vilipogusa, na ile plastiki laini ya kufungia vyakula hula maandishi polepole. Kwa kitu kinachouzwa ndani ya wiki mbili, kama mkate au kachri, lebo za joto zinafaa. Kwa achari, asali na pilipili ya chupa zinazokaa rafuni miezi, hazifai. Hapo inahitajika printa ya utepe wa wino: utepe wa nta kwa lebo za karatasi, utepe wa rezini kwa lebo za plastiki. Mtengenezaji anayeagiza lebo kwa mchapaji ana nafuu kubwa zaidi. Ampe nambari tu, asimpe picha ya msimbo aliyoinakili kutoka kwenye simu.

Mchapaji huyo aonywe kuhusu rangi. Skana nyingi humulika mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo rangi nyekundu huonekana nyeupe. Milia myekundu juu ya karatasi nyeupe, ambayo wenye mabuyu huipenda sana, kwa skana ni karatasi tupu. Milia iwe myeusi, ya buluu iliyokolea au kijani kilichokolea. Rangi iliyo nyuma ya milia inaweza kuwa nyeupe, njano, hata chungwa au nyekundu. Chupa angavu isiyowekewa weupe nyuma ya milia haisomeki, kwani skana inaona achari yenyewe. Karatasi ya dhahabu inayong'aa vilevile.

Kwenye chupa nyembamba, ya kipenyo cha chini ya kama milimita 60, milia iliyosimama hujikunja na ile ya pembeni huikimbia skana. Lebo igeuzwe ili milia ilale kama vipago vya ngazi. Msimbo ukae angalau milimita 8 kutoka ukingo wowote wa kifungashio. Na atumiaye chupa zilizotumika, kama wenye asali na juisi ya ukwaju, abandue lebo ya kwanza yote, kwa sababu skana husoma msimbo wowote inaoukuta, na asali itauzwa kwa jina la kinywaji cha zamani. Vilevile chupa sita zikifungwa kwa plastiki angavu: misimbo ya ndani ifunikwe, la sivyo keshia atasoma chupa moja na mteja ataondoka na sita.

Mizani

Seti haina mizani, lakini programu yake inasema inaikubali, na ni kweli kwa sharti. Mizani ya kuchapa lebo huweka uzito ndani ya nambari. Mfano, 2100345012503: 21 ni alama ya bidhaa ya kupimwa, 00345 ni tende, 01250 ni gramu 1,250, na 3 ni ya ukaguzi. Programu isipoelezwa ikate nambari wapi, kila mfuko wa tende utakuwa bidhaa isiyojulikana, na mwezi wa Ramadhani foleni itafika barabarani. Mpangilio huo uwekwe na ujaribiwe kwa mifuko mitatu ya uzito tofauti kabla ya kufungua duka. Kila duka lina mpangilio wake, hivyo usinakili wa jirani.

Kosa la keshia linalofanya programu ionekane mbovu ni lile la kusoma soda moja na kubonyeza sita, hali sita hizo ni za ladha nne. Pesa zinatoka sawa. Stoki inaharibika, na mwisho wa mwezi kompyuta inasema soda ya machungwa imekwisha na rafu imejaa. Kila ladha isomwe peke yake.

Kabla ya kulipa

Nenda dukani na rula ya milimita na chupa moja ya bidhaa yako. Mwambie muuzaji achape msimbo wa tarakimu 13 kwa printa hiyohiyo utakayochukua, kwenye roli hiyohiyo. Pima kutoka mlia wa kwanza hadi wa mwisho, bila ukingo. Ukipata chini ya milimita 25, uko nje ya kiwango. Ukipata kama 35.6, ni nukta tatu kamili, uko sawa. Ukipata kitu kati ya hapo, 28 au 31, ameuminya kwa panya. Pima na weupe: milimita 4 kushoto, 2.6 kulia. Bandika lebo kwenye chupa, isome mara kumi ukibadilisha upande na umbali. Ikikataa zaidi ya mara moja, usikubali kuambiwa kwamba itazoea. Kisha paka tone la mafuta ya kupikia kwenye lebo ya pili, uiache juani ukimaliza shughuli zako Marikiti, urudi uisome tena. Ukishaona matokeo, omba roli za 60 kwa 40 mahali pa zile za 40 kwa 30, na skana ya kamera mahali pa leza.